Behewa la Gadi Lililoachiwa Mshono

Mama Pacha alikuwa na mke mwenza wa chuma. Msicheke! Miaka yote ambayo mumewe alikuwa gadi wa treni za mizigo, bwana huyo alilala zaidi ndani ya behewa la gadi, kule mkiani mwa treni, kuliko nyumbani kwake. Ndoa ikiwa bado mbichi, Mama Pacha alimwomba ampandishe, hata mpaka stesheni ya pili tu. Akajibiwa, "Sheria hairuhusu, mke wangu." Akarudi kwenye cherehani yake.

Alipostaafu, Gadi alihamishia reli sebuleni, reli ndogo ya mfano juu ya meza. Dukani waliuza boksi la vipande vya plastiki vya kuunga behewa dogo la aina moja tu: la mizigo, kuta nne na paa. Lakini likipita kwenye wembe wake, weee! Hili analitoboa mianya, linakuwa la ng'ombe. Lile analipunguza kuta, linakuwa la mawe. Behewa la gadi ndilo alilokuwa akiliahirisha, maana alitaka litoke vilevile kama lake.

Sasa mikono imeanza kutetemeka. Asubuhi moja alipolianza, wembe uliteleza, ukuta ukapasuka. Gadi akauweka wembe chini.

"Basi, yaishe. Kesho nawapa watoto wa jirani reli yote."

Mama Pacha alishtuka. Alimjua mumewe: akiiacha reli hii, atakaa kwenye kiti kile akitazama ukuta mpaka azimike kama taa.

"Watoto wa jirani wangoje. Si una boksi jingine? Nipe vipimo."

"Wewe?"

"Nimekata suti za mabwana harusi, nishindwe na kijibehewa?"

Gadi akafumba macho, akawa anataja vipimo kama mtu anayetembea mle ndani: ubavu unaishia hapa, dirisha hapa, kiti changu chini yake, nyuma kibaraza cha kusimama na taa. Mama Pacha akapiga chaki, akakata, wala mkono haukuyumba. Wakaunga kwa gundi, paa wakaliacha kando.

Gadi akaweka rula. Akapima tena.

"Mama Pacha, mbona refu?"

"Nimefuata vipimo vyako vyote!"

"Limezidi huku. Na huku pia."

Mama Pacha akajishika mdomo. Mama yangu! Mkono umezoea nguo. Sakafu, kuta, paa, kila alipokata aliachia nafasi ya mshono.

"Mshono? Kwenye plastiki?" Gadi alishangaa.

Mama Pacha alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Behewa moja tu mzee wa watu alilolitamani, naye kaliharibu.

"Nisamehe, Baba Pacha."

Gadi alichungulia ndani, pale kiti kimoja kilipobandikwa chini ya dirisha. Kisha akaokota kipande cha ule ukuta uliopasuka, akashika wembe. Mkono ukatetemeka, akauegemeza kwenye wa pili, akakata polepole. Vidole vya Mama Pacha vilimwasha kumsaidia, lakini akajikaza.

"Na watoto wa jirani?" aliuliza.

"Watakuja kutazama."

Kikatoka kiti cha pili, kimeenda upande, gundi imechuruzika mpaka sakafuni. Gadi akakibandika mkabala na kile cha kwanza, kwenye ile nafasi iliyozidi.

"Cha nani hicho?" Mama Pacha aliuliza, ingawa alishajua.

"Chako."

"Na sheria je?"

"Gadi ni mimi," alisema mumewe, akimshika kidole na kukigandamiza juu ya kile kiti ili gundi ishike. "Panda, mke wangu. Tumechelewa sana."