Bei Iliyogongwa kwenye Chuma

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa visu na mtu wa hasira. Siku moja alisikia wachuuzi wanauza visu vyetu mara mbili ya bei aliyowauzia. Hakugombana na mtu. Alichonga mhuri wenye picha ya nyundo, na chini yake akaweka bei: mia tano. Tangu hapo kila kisu, kikiwa bado chekundu, hugongwa mhuri huo kwenye bapa ili mnunuzi ajionee mwenyewe. Wachuuzi wakakoma. Nasi tukakomeshwa.

Miaka kumi na minane sasa. Mume amekwenda zake, mhuri umebaki. Mkaa umepanda. Springi kuukuu za lori, ambazo ndizo chuma chetu, zimepanda. Hata mafuta machafu ya gereji tunayozimia visu, ambayo zamani tulibembelezwa tuyachukue, siku hizi yana bei. Mia tano haipandi. Mwanangu, ambaye kwa ukubwa wa mwili watu humwita Sindano, aliwahi kujaribu kuuza visu visivyo na mhuri kwa mia saba. Wateja walivigeuza juu chini, wakasema ni vya bandia. Ikabidi virudi motoni vikagongwe.

Basi ikawa kazi ya kupunguza. Mgongo wa kisu hatuung'arishi; anayetaka kung'aa akanunue kioo. Ala za kuvalia visu tuliacha. Mipini ya mti ikawa ya tairi, ribiti tatu zikawa mbili. Kisha nusu ya karakana tukampangisha fundi cherehani, tukapiga ukuta wa mabati katikati. Upande uliobaki ni mwembamba kama uchochoro: mlangoni fuawe ya Sindano, katikati mashine ya kunolea ya mkwe wangu, mke wa Sindano, na mwisho kabisa, konani, mimi na jiliwa langu la kubania visu, natia mipini. Nikitaka kutoka, mkwe azime mashine na kuinua benchi, Sindano asimamishe nyundo na kuvuta tumbo. Kwa hiyo chai nakunywa kidogo.

Chuma chenyewe hatukukipunguza. Kila kisu hupenyezwa kwenye ufa wa fremu ya mlango na kupindwa. Kikibaki kimepinda, kinarudi motoni. Chema chajiuza, wanasema. Hawakusema kwa bei gani. Na siri ya unafuu wetu nitakwambia bure: ni mama mzazi. Hadai mshahara, na hata akitaka kutoroka, mlango uko mbali.

Nyuma yangu kuna msumari, na kwenye msumari kuna begi langu. Lilikuwa jekundu, sasa lina rangi ya mkaa. Nililifunga miaka mitatu iliyopita niende kwa mdogo wangu, tuliyebaki naye wawili tu, ambaye kumbukumbu inamtoka kidogo kidogo. Kila nikiligusa Sindano husema, "Mama, oda hii tu." Oda hazina haya; moja ikitoka, nyingine inaingia.

Asubuhi moja nilimpigia mdogo wangu simu. Tulisalimiana vizuri, tukacheka, halafu akaniuliza, "Kwani wewe nani?"

Nilikata simu, nikamwambia Sindano, "Kesho naondoka."

"Mama, visu arobaini vya machinjioni! Nani atatia mipini?"

"Tafuta mtu."

"Nimlipe nini? Kwenye mia tano hiyo nipunguze nini tena, tumbo langu?"

"Ungeanza na hilo," akasema mkewe bila kugeuka.

Hapo hapo Bwana Nyama, mnunuzi wa machinjioni, akachungulia mlangoni. Huwa anachungulia tu, maana kuingia haiwezekani. Nikachukua kisu kimoja, nikampitishia mkwe, mkwe akampa Sindano, Sindano akampa yeye.

"Baba, hebu nisomee."

"Mia tano, Bibi. Kama kawaida."

"Imegongwa kwenye nini?"

"Kwenye chuma."

"Na kwenye mpini kumeandikwa nini?"

Akaugeuza. "Hapana kitu."

"Basi. Mia tano ni ya chuma. Mpini ni mia mbili."

Sindano aliangusha nyundo. "Mama!"

"Usinimamie." Nilikuwa nimeshapiga hesabu: mia mbili mara arobaini, kijana wa kutia mipini anapatikana, na mimi nakwenda zangu.

Bwana Nyama alicheka mpaka akashika fremu. "Bibi wewe! Ujanja huu ulikuwa umeukalia kama kuku mayai?" Kisha akaanza kufikiri, na mnunuzi akifikiri ujue kuna mtu ataumia. Akapenyeza kisu kwenye ufa, akakipinda, kikarudi kimenyooka. "Haya. Nipeni vyuma vitupu, arobaini. Mpira tunao, kamba tunazo. Vijana wangu watajifungia wenyewe."

Akalipa, akaondoka na visu vyake uchi. Kabla ya saa sita mama wa mboga naye akataka kitupu, akasema atakizungushia tambara. Habari ya bei nafuu haihitaji miguu.

Sindano alikuwa anacheka peke yake. "Hakuna tairi! Hakuna ribiti! Mama, hivi miaka yote hii tulikuwa tunahangaika na mipini ya nini?"

Mkwe wangu alizima mashine. Tukasikia cherehani ya jirani.

"Sina maana hiyo, Mama," akasema Sindano.

"Nimesikia. Maana chagua mwenyewe."

Sikungoja kesho; nikalitungua begi. Mkwe akainua benchi, akanishika mkono na kuubana kidogo. Sindano akavuta tumbo, macho chini, nikapita. Sikuwa nimefika barabarani nilipozisikia springi zikitupwa konani kwangu. Kitu cha mwisho kilichopunguzwa ni mimi, na bei ikabaki ileile.

Nilifika kwa mdogo wangu kesho yake jioni. Alinitazama usoni muda mrefu kama mtu anayetafuta ufunguo. Kisha akanivuta mikono, akainusa.

"Dada," akasema, "unanuka tairi."