Aliyekaa Juu ya Toroli

...nakitazama kile kitobo, basi, kwa sababu binti yangu alinionya tangu jana, baba, usijiangalie mwenyewe kwenye skrini, angalia kamera, ukijiangalia wewe wao wanaona mtu anayekagua vifungo vya shati lake, kwa hiyo nakitazama kitobo cheusi ingawa upande wa pili hakuna mtu bado, kuna maandishi tu, subiri, mwenyeji wa mkutano atakuruhusu uingie, na kiduara kinachozunguka juu ya maneno hayo kama mbwa anayetafuta pa kulala, nami nimekaa wima, tai imenikaba, kompyuta imepanda juu ya sufuria kubwa iliyopinduliwa ili inipate usawa wa macho, sufuria ileile, meza ileile, kiti kilekile alichokalia mke wangu asubuhi, maana kazi ni moja na tumeiomba wote wawili, mke na mume, msimamizi wa chumba cha kusafishia vifaa vya upasuaji, hospitali mpya, nafasi moja, na siku tulipoliona tangazo tulitazamana, yeye akacheka kwanza, akasema tuombe wote bwana, apate yeyote, chungu si ni kimoja, nikasema kweli, chungu ni kimoja, na sote tukaitwa, yeye asubuhi mimi mchana, sasa ni zamu yangu na midomo imekauka, maji nimeyaweka mbali, nikinyoosha mkono kuyachukua ndipo watakapofungua, wanione nimeinama kama ninayetafuta kiatu, acha, nitakunywa baadaye...

swali la kwanza, tueleze kwa kifupi wewe ni nani, mimi nimefanya kazi ya kuosha na kutakasa vifaa vya upasuaji kwa... hapana, mke wangu kasema usianze na vifaa, anza na mgonjwa, sema mtu anayelala kwenye meza ya upasuaji anatuamini bila kutujua, hilo ni zuri, sijui amelitoa wapi, yeye maneno yanamjia yenyewe, mimi yananijia kesho yake nikiwa naoga, na usishukuru sana, kasema, asante moja inatosha, zikizidi utaonekana umekuja kuomba chumvi, na udhaifu wako ni upi, hilo nalo watauliza, jirani fundi rangi alinishauri niseme udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi, binti yangu akacheka mpaka akakaa chini, baba, kila mtu anasema hivyo, hata wavivu wanasema hivyo, basi nitasema udhaifu wangu ni kwamba siwezi kuomba msaada mapema, mke wangu ndiye aliyenichagulia huo, akanitajia haraka haraka bila kufikiri, kama mtu aliyekuwa nao mfukoni siku zote...

"...amekaa, ndiyo, hawajamfungulia..." huyo ni yeye, jikoni, anaongea na simu, atakuwa dada yake mkubwa, shemeji yangu, hakuna mwingine anayepiga saa za kazi za watu, na mke wangu anadhani ananong'ona, mke wangu akinong'ona mtaa wa pili wanajua tunapika nini, ningemwambia afunge mlango lakini nikiinuka ndiyo hao, wanafungua, wanakuta kiti kitupu... kiduara kinazunguka... "...tai ile ya bluu, nimemfunga mwenyewe..." kweli, kanifunga yeye, vidole vyake vina harufu ya sabuni ileile ya kazini hata leo, ile ya waridi ya uongo, kwa sababu yeye bado ana pa kwenda, zahanati ya daktari wa meno inamwita asubuhi mbili tatu kwa wiki akawaoshee vikoleo vyao, mimi sina, tangu hospitali yetu iuzwe, wamiliki wapya wakaamua ni afadhali iwe ofisi, mimi nipo, nipo tu, nimetengeneza pasi, nimetengeneza pasi ya jirani, nimeifungua saa ya ukutani iliyokuwa haina ugonjwa wowote nikairudisha ikabakiza skrubu moja mkononi na bado inakwenda, na mzee wangu akipiga simu hamjambo, watoto hawajambo, halafu anauliza, na hapo ulipo sasa hivi uko wapi, na mimi nasema nipo nyumbani baba, anasema aa, nyumbani, aa ile fupi inanikaa kifuani hadi jioni, acha mzee, acha hilo, rudi kwenye maswali...

maswali ninayo yote, huo ndio ukweli, hakuna msailiwa chini ya jua mwenye bahati kama yangu, nilikaa nje kwenye ngazi wakati yeye akihojiwa, nikasikia mlango, nikaruka, hata hereni hajavua, nikamwambia, wamekuuliza nini, naye akasimama pale pale na blauzi yake ya kuendea harusi za watu akanipa moja baada ya jingine, utagawaje kazi, wafanyakazi wakigombana utafanyaje, mashine ikiharibika utafanyaje, mimi naandika kwenye kiganja kama mwanafunzi mwizi, na la mwisho, akasema, hili ndilo kubwa, hili wanaliuliza wakiwa wameacha kuandika na wanakutazama, tueleze siku ulipolazimika kuamua jambo gumu peke yako kazini, nikasema loo, nitasema nini mimi, akasema sema ile ya toroli, nikasema ile si ni yako, akasema yangu yako, tulikuwa mle ndani wote, nani atauliza aliyekaa ni nani na aliyesimama ni nani, itumie, wataipenda, na akaenda kubadilisha nguo...

ile ya toroli, basi, niipange vizuri, kulikuwa na mgonjwa wa nyonga, wa asubuhi ile, si wa dharura, na toroli ya vifaa vyake imeshafungwa tayari kwenda, na kila kifurushi kina utepe wake, utepe wenye mistari ambayo mvuke ukiifikia sawasawa inageuka myeusi, na mke wangu, ambaye hakuwa mke wangu bado, alikuwa dada mmoja mwembamba wa zamu ya asubuhi ambaye tulikuwa tunasalimiana tu, akaitazama ile mistari, ikawa rangi ya chai ya maziwa, si nyeusi si nyeupe, akasema hii haiendi, na muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, tuliyemwita Sekunde Sitini kwa sababu kila kitu alikitaka ndani ya hizo, akasema inaenda, daktari ameshavaa glavu, naye akasema basi avue, hivyo tu, avue, na Sekunde Sitini akashika mpini wa toroli asukume, na yule dada akapanda akaketi juu yake, juu ya vifurushi vyenyewe, miguu inaning'inia, viatu vyake vya plastiki vya kijani, akasema ukitaka kuisukuma nisukume na mimi, na hapo ndipo sote tuliposhangaa, kwa sababu kwa kuketi tu alikuwa amekwisha kuamua, hata kama vifaa vilikuwa safi sasa si safi tena, mtu amekalia, lazima virudi kuoshwa, hakuna tena cha kubishania, Sekunde Sitini alimkodolea macho, halafu akacheka, akacheka sana, akaenda kumwambia daktari anywe chai, mgonjwa akapasuliwa mchana badala ya asubuhi na hakujua lolote hadi leo, ndio uzuri wa kazi yetu, ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea...

sasa niseme, nikapanda nikaketi juu ya toroli... hapana, mwili huu wangu, toroli ile ingelala chali na magurudumu juu, nitasema nikasimama mbele ya toroli, nikatandaza mikono, nikasema hii haiendi... nikasimama mbele ya toroli... mbona inasikika kama sinema, ikisemwa na mimi inakuwa sinema, mimi siku ile nilikuwa kwenye sinki, glavu hadi viwikoni, mdomo wazi kama mlango wa choo cha soko, nakumbuka maji yalikuwa yanamwagika na sikuyafunga... tena, polepole, nikasimama mbele ya...

"...hapana dada, mimi niliwaambia ile ya umeme kukatika..." umeme kukatika, ile, ile si ya kuamua kitu, ile umeme ulikatika, wakawasha jenereta, tukaendelea, hata mlinzi angeweza kuisimulia, kwa nini awaambie ile... "...si kitu, walitikisa kichwa tu, wakaandika, wakasema asante..." walitikisa kichwa... "...ile ya toroli nimemwachia yeye..." nimemwachia, amesema nimemwachia... "...hata sikufikiri mara mbili, nimeliona swali nikajua hili akiulizwa atakwama, nikasema basi... weee, dada, wewe humwoni, yule akiikosa hii atavunjika, mimi nina pa kwenda asubuhi..."

atavunjika, nani, mimi, mimi ni sahani, sahani ndiyo huvunjika, nani kamwambia, nilimlalamikia lini, siku gani nilikaa kitako nikasema nimechoka, hata siku moja, nimenyamaza kama mwanaume, nimefagia ua asubuhi nikaufagia tena mchana, nimepiga viatu vya kazi rangi kila jioni vikang'aa bila kwenda popote... ah... viatu, kila jioni, na yeye anapita na beseni la nguo, anapita, hasemi kitu, anarudi, kumbe anaona, mtu aliyeona mistari ya utepe haijaiva kwa kuitupia jicho tu atakosaje kuniona mimi, na leo akakaa kwenye kiti hiki, mbele ya kitobo hiki, wakaacha kuandika wakamtazama, wakamuuliza swali ambalo Mungu mwenyewe ni kama alilitunga kwa ajili yake, jibu liko mdomoni, tamu, la kweli, lake, akalimeza, akawapa jenereta, akatoka akanikuta mlangoni, na mimi, mimi nilisema nini... nilisema wamekuuliza nini... sikusema pole, sikusema ilikuwaje, sikusema hata maji haya hapa, wamekuuliza nini, kama mtu anayemsachi mfuko mgeni kabla hajamkaribisha...

kiduara kinazunguka, subiri, mwenyeji atakuruhusu, haya, nasubiri, lakini sitaisema, hapana, siisemi kama yangu, haiwezekani, mdomo wangu hautaifikisha mwisho, nitafika kwenye viatu vya plastiki vya kijani nitacheka au nitalia, na atakasirika, atasema nimekuwekea mkate mkononi ukautupa, na akasirike, nitawaambia kuna mtu aliyekaa juu ya toroli na mmeongea naye asubuhi, amewaficha, rudini mkamuulize vizuri, ndiye msimamizi mnayemtafuta, na wakisema sawa lakini wewe je, tumekuuliza wewe... mimi... mimi nina ile ya mpira, hee, ile ya mpira, mbona sikuifikiria, baada ya wote kucheka na kwenda chai nani alibaki na mashine ya mvuke, mimi, kila mtu anasema joto, anasema maji, anasema umri wa mashine, mimi nikavua glavu nikapitisha kidole kwenye mpira wa mlango, pole pole, kuzunguka mlango mzima, mpaka kidole kikaanguka kwenye ufa mdogo kama mkato wa ukucha, mvuke ulikuwa unatorokea hapo, tukabadilisha mpira, utepe ukawa mweusi tii, haina kishindo, hakuna aliyekaa juu ya chochote, lakini ni yangu, nikiisema sauti haibadiliki, naona nikiisema hata mikono inajua pa kukaa, nitawapa zote mbili, yake kwa jina lake, yangu kwa jina langu, wachague wanavyotaka, wachague hata mtu wa tatu, potelea mbali, si potelea mbali, naitaka kazi hii, naitaka sana, ila siitaki kwa kupanda mgongo wa mtu aliyeinama bila kuniambia...

"Bibie," naita.

"Shhh! Watakusikia!"

"Hawajafungua. Asubuhi ilikuwaje?"

"Asubuhi ipi?"

"Yako."

Namsikia jikoni, dada, nitakupigia, na kandambili zake zinakuja, zinasimama kwenye kizingiti, anachungulia kwa upande, kichwa tu, asije akaonekana kwenye kamera, mikono ina maji.

"Si nimekupa maswali yote? Umesahau lipi?"

"Sikuulizi maswali. Nakuuliza wewe ilikuwaje."

Ananitazama kama alivyoutazama ule utepe, anatafuta rangi, na mimi siangalii kitobo tena, namwangalia yeye, anafuta mikono kwenye kanga, anaifuta tena ingawa imeshakauka.

"Nilitetemeka," anasema. "Mikono. Niliikalia mwanzo mpaka mwisho, wasiione. Yule mama wa katikati akaniambia jisikie huru, ndio nikazidi."

Yeye, kutetemeka, sikujua, miaka yote hii sikujua kwamba naye hutetemeka, na skrini pembeni bado inasema subiri, na wakifungua sasa watakuta kisogo, kisogo na kola ya shati, na wakione, kwa sababu nimeshakigeuza kiti chote kumwelekea mlangoni.

"Halafu?" namwambia. "Ukafanyaje?"