Bangili ya Shaba Chini ya Kiti

"Ondoa mkono, Mama. Bado kuna moto hapo."

Koulsoum hakuondoa. Kidole chake kiliendelea kupapasa chini ya kiti cha pikipiki, pale fremu ilipokatika siku mwanawe Chaher alipojibamiza kwenye trela la miwa. Sasa palikuwa na kipande cha shaba kilichoviringishwa, kikalehemiwa kwa bati na kung'arishwa hata kikafanana na bangili ya bibi harusi. Majirani walijaa uani wakikisifu.

"Kazi ya nani hii?" aliuliza, na huku anajua.

"Ya nani mwingine?" Fundi Oumouri alituna kifua. "Miaka ishirini naziba mapipa ya kukenekea mafuta ya langilangi, dada. Umewahi kuona mvuke ukitoroka penye mkono wangu?"

Hakuwahi. Koulsoum alikuwa mchochea moto wa mapipa hayohayo, na mishono ya Oumouri aliijua kama vidole vyake. Pipa likitulia juu ya jiko lake, mshono uliishi miaka. Likihamishwa kwa mkokoteni, likipanda kilima kimoja tu, lilifika linavuja.

"Pipa halina magurudumu, Oumouri."

Watu walicheka. Chaher hakucheka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa bado mwembamba kwa kukaa ndani ya plasta. Pikipiki hiyo, Terrot ya mwaka hamsini na mbili, aliachiwa na marehemu baba yake, Athoumani, na mwaka huo wa themanini na tatu, kwa miezi mitano, aliifufua kipande kwa kipande: spoku moja moja, tangi lililobonyea, kabureta aliyoichemsha katika sufuria ya wali ya mama yake. Hata hilo la sufuria Koulsoum alilinyamazia.

"Jumamosi hotelini wananitaka niende na pikipiki," Chaher alisema. "Mwaka mzima nimeiomba kazi hii. Nisipotokea, wana mwingine."

"Nenda kwa miguu ukawaambie wangoje."

"Mwenye hoteli hangoji mtu."

"Basi na asingoje."

Jirani yake Moinaecha alimvuta leso. "Acha, Koulsoum. Mtoto kashakuwa mtu mzima. Na dua tumesoma."

"Dua tumemsomea Chaher. Bati hatukulisomea."

Akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa ameshika nondo ya kuchochea moto, ncha yake nyekundu kama pilipili. Chaher akasimama kati yake na pikipiki.

"Ukiigusa, Mama, sikusemeshi tena."

"Usinisemeshe. Ilimradi uwepo."

Akamzunguka, akailaza nondo juu ya shaba.

Bati likatoka jasho. Kisha likadondoka mavumbini, tone kwa tone, jeupe. Bangili ikafunguka kinywa, na Terrot ikaketi kwa matako kama mbuzi aliyegoma kamba. Safari hii hakucheka mtu.

Oumouri alikusanya vyombo vyake. "Ungeniambia tukiwa wawili tu."

"Nilikuambia Jumatatu. Ukanijibu nikachochee moto wangu." Koulsoum aliichomeka nondo mchangani. "Nimeuchochea."

Fremu ilifungwa kwa magunia, ikavuka nao kwa meli kutoka Nosy Be hadi Mahajanga, kwa shemeji yake Koulsoum, Ousséni, mchomeleaji wa mtaa wa Ampisikina. Njia nzima Chaher alitazama maji. Hata walipofika alipitisha maneno kwa baba yake mdogo: "Mwambie Mama chai imepoa." Naye Koulsoum, aliyeketi hatua mbili kutoka hapo, alijibu, "Mwambie naiona."

Ousséni alikata bomba lililooza, akatia chuma kizima ndani yake, akachomelea kila umeme uliporudi. Alipomaliza alipanda ukutani pamoja na unene wake, akaiangusha fremu juu ya jiwe. Akaiokota, akaiangusha tena. Mshono ulibaki hapo, mweusi, wenye manundu, kama kovu la mtu aliyeungua.

"Niufiche kwa rangi, shemeji?"

"Usiufiche. Nataka kuuona kila asubuhi."

Waliporudi Nosy Be, kazi ilikuwa imeshachukuliwa na kijana wa Ambondrona. Chaher aliifunga Terrot nati kwa nati, mgongo wake ameuelekeza jikoni. Asubuhi moja pikipiki ilipowaka, kuku walikimbilia kwa jirani.

"Nashuka Ambatoloaka," alisema bila kugeuka. "Zipo hoteli nyingine."

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia mama yake kwa wiki tano. Koulsoum aliweka chini beseni la nguo, akakaza leso kiunoni, akapanda nyuma.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Unakokwenda."

"Watanicheka, Mama! Mtu anakwenda kuomba kazi amembeba mama yake?"

"Na wacheke."

Chaher alishusha pumzi, akatia gia. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Mkono mmoja wa Koulsoum ulishika shati la mwanawe. Wa pili uliteremka chini ya kiti hadi kwenye manundu ya chuma, na kila waliporuka shimo ulibana pale, kama mtu anayepima homa kwenye paji la mtoto. Chuma kilitetemeka. Hakikuachia.

Kwenye kona ya mashamba ya miwa, Chaher alipunguza mwendo kabla hajaambiwa. Mkono haukutoka.