Kufuli Moja kwa Ndugu Wawili

Umeme wa maji una sifa nzuri: hautoi moshi, haunywi dizeli, maji yanateremka tu na mji unawaka. Ndivyo tunavyowaambia wageni wakija kututembelea. Hatuwaambii kwamba shamba la mama mkwe wangu lilizama chini ya bwawa, wala kwamba bomba linaloshusha maji linaweza kumeza basi zima, na kuna siku watu huingia ndani yake.

Siku ile walikuwa wameingia mume wangu na mdogo wake, kuchomelea ufa. Sheria yetu haina mjadala: kila anayeingia hutundika kufuli lake kwenye swichi ya lango linalozuia maji na kuondoka na ufunguo. Likibaki hata moja, swichi haigeuki. Nilipopokea zamu nilikuta kufuli moja. Nikajua mmoja wao ameshatoka.

Baadaye shemeji akaja, akalifungua, akasema, "Tumemaliza, shemeji," akaenda zake kula.

"Geuza, mama," mkuu wa zamu akanihimiza. "Hospitali wamepiga simu tena. Jenereta yao inakata roho."

Hakuna aliyekwenda kuutazama mlango wa bomba. Kufuli limetoka, nani ajisumbue? Nikageuza. Lango likaanza kupanda na maji yakaingia.

Shemeji akarudi anatafuna ndizi. "Kaka yuko wapi?"

"Mimi nitajuaje? Si alitoka kabla yako? Nilikuta kufuli moja tu."

"Lile langu. La kwake kafungia baiskeli, tukatumia moja." Akaacha kutafuna. "Yeye kabaki kukusanya nyaya."

Nikarudisha swichi, lakini lango lile halina haraka, lilishuka kwa uvivu uleule liliopandia. Mkuu wa zamu akanishika mkono. "Unafanya nini? Hospitali…"

"Mume wangu yumo ndani."

Akaniachia.

Ngazi sikumbuki nilizishukaje. Ninachokumbuka ni chuma cha bomba kikitetemeka chini ya kiganja changu, na maji meusi yakianza kumwagika mlangoni. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Shemeji, bingwa wa mizaha kila harusi, alikuwa analia kama mtoto. Niliogopa kuchungulia ndani. Nasema kweli, niliogopa.

Kisha glovu ikashika ukingo wa mlango.

Tulimvuta wawili, maji yakimpiga kifuani. Alikaa sakafuni, meno yanagongana. Hakuuliza nani aligeuza swichi. Nikamwambia mwenyewe, "Ni mimi." Akatikisa kichwa tu, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi.

Mkuu wa zamu alitugusa mmoja mmoja begani akituhesabu, mlango wa bomba ukafungwa, ndipo akageuza swichi kwa mkono wake. Mji ukawaka. Hospitali wakapiga simu kushukuru, na mimi ndiye niliyepokea. Nikasema karibuni.

Jioni, nyumbani, mume wangu alikula bila kuniangalia. Nilijipa moyo kwamba angalau anakula. Nikainuka nisuuze sufuria, nikafungua bomba la jikoni, maji yakavuma ndani yake. Nilipogeuka, kiti chake kilikuwa tupu na mlango wa mbele wazi.

Nilimkuta katikati ya barabara, peku, kijiko bado mkononi, taa za mtaa mzima zikiwaka juu yake. Nilipomsogelea, alirudi nyuma.