Kila Ngano na Udongo Wake

Orysia Baziuk, mtakwimu wa maktaba za mkoa, aliamka kabla ya kucha. Bosi wake, Lorne Fehr, alikuwa amezipanga maktaba zote kwenye mstari mmoja, za mjini na za vijijini, kuona ipi inahudumia watu wengi kwa saa chache na wafanyakazi wachache. Za vijijini zilijazana mkiani. Siku hiyo bodi ingepiga kura ya kuzifunga, na mojawapo ilikuwa ya Shangazi Tillie, aliyemfundisha Orysia kusoma.

Bodi yenyewe ilikuwa ya wakulima watupu. Orysia aliweka majedwali kando akawauliza nani kati yao hulinganisha ngano yake ya udongo wa kahawia na ya jirani mwenye udongo mweusi. Walicheka. Hata mlevi hafanyi hivyo, mmoja alisema.

"Sisi tumefanya hivyo kwa maktaba," Orysia alisema. "Mpime kila mkulima na aliye bora kwenye udongo uleule, utamjua mvivu. Kisha mwondolee kila mtu uvivu wake, umwandikie mavuno ambayo udongo wake ungeweza kutoa. Hapo ndipo ulinganishe udongo na udongo."

Lorne si mtu mbaya, ila hupenda kushinda. Alisema hesabu ipigwe palepale, na ikitoka vibaya Orysia asilete maneno. Takwimu za mwisho zilikuwa zimefika asubuhi ile. Hata Orysia hakujua jibu. Alikubali, akafungua kompyuta.

Kompyuta ikaiondolea kila maktaba uvivu wake ndani ya kundi lake, ikazipa zote nafasi upya, ikalinganisha nafasi za makundi mawili, mjini na vijijini. Za vijijini zilikuwa juu, tena kwa tofauti kubwa mno kuitwa bahati. Orysia aliona raha mpaka machozi yakamtoka.

Lorne aliikagua hesabu mwanzo mwisho, akakubali kwamba amekosea. Kisha akauliza, kwa uchokozi, ni nani basi aliyeshika mkia kwenye udongo wa vijijini.

Orysia alikohoa. Nyuma ya ukumbi, Shangazi Tillie alikuwa akipakua perogi, sambusa za kuchemsha zenye viazi, kwa ajili ya bodi.

"Usiniambie ni mimi," Tillie alisema.

"Ni wewe, Shangazi. Kila mchana wa majira ya baridi unafunga maktaba unakwenda kwenye ule mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu."

"Kijiji kizima kiko huko kinacheza. Nibaki nimwazime nani kitabu, panya?"

Ukumbi ulivunjika mbavu, Lorne akiwa wa kwanza. Mikono yote ikanyooka: hakuna maktaba itakayofungwa. Tillie akampakulia mpwa wake sahani iliyojaa zaidi, akamwambia mkweli naye hula.

Majira ya baridi yaliyofuata, rafu za vitabu za Tillie zilisimama kando ya barafu, na watu waliazima huku wakisubiri zamu zao za kucheza. Lorne alipopiga hesabu mpya, kila kundi kwa udongo wake, maktaba nyingine zote za vijijini zilipimwa kwa ya Tillie, maana sasa ndiyo iliyokuwa bora.