Joka Juu ya Tanuri la Shangazi

Joka lilikuwa limejikunja juu ya bomba la moshi la duka la mikate, na moshi wote ukarudi ndani. Msomi wa uchawi akapanda ngazi na kitabu alichokiandika mwenyewe, akasoma maneno yote ya kufukuzia majoka, asiruke hata herufi. Elimu ikagonga mwamba: joka likapiga miayo, likamuunguza nyusi.

"Shuka, baba!" akaita shangazi yake, mwokaji. "Hilo limefuata joto tu, kama paka. Nimeshazima tanuri."

Bomba likapoa, joka likaruka zake.

Kwa miaka ishirini ukurasa wa shukrani kitabuni mwake ulikuwa mtupu. Hakuona wa kumshukuru. Jioni ile akaandika: "Kwa shangazi, aliyenisomesha kwa mikate, kisha akanielimisha kwa tanuri."