Uzi wa Zambarau

Kwa miaka mingi mke wa Fundi Miwani alivaa miwani ya kioo, minene kama vitako vya chupa, na watoto wa mtaa wakamwita Mama Chupa. Jina halikumuudhi. Kwa miwani hiyo alikuwa mkaguzi mkuu katika karakana ya majoho, na joho halikutoka mlangoni mpaka yeye aseme litoke. Aliyeudhika ni mumewe. Jioni mke alipopita dukani kumsaidia kufunga, wateja walimtazama mke, kisha wakamtazama fundi, hadi mmoja asiye na haya akasema, "Kumbe kweli, mganga hajigangi."

Fundi alicheka na mteja, lakini neno lilimkaa kooni. Haukupita muda akamtengenezea mkewe miwani mipya ya plastiki ngumu, ile ya ghali inayopinda mwanga kwa nguvu, hata lenzi ikawa nyembamba kama ukucha. Akamvisha mwenyewe mbele ya wateja, akamsifu kwamba amerudi kuwa msichana. Mke alifurahi, na kwa nini asifurahi? Hakujua kwamba anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Siku ya kwanza tu karakanani aliona fremu ya dirisha imeota pindo, buluu upande mmoja, rangi ya chungwa upande wa pili. Akigeuza kichwa na kuikabili, pindo lilitoweka; akiiacha pembeni, lilirudi. Wakati wa kula alimweleza mumewe.

"Utazoea," mume alisema.

"Na nisipozoea?"

"Basi ni macho, mama watoto. Umri unasogea. Na mama yako unamkumbuka."

Alimkumbuka. Mama yake alianza kwa kuona duara za rangi kuzunguka taa, akamalizia kwa kupapasa ukuta akitafuta mlango wa chumba alicholala maisha yake yote. Tangu jibu hilo mke hakulalamika tena. Alifanya kazi kwa hofu, na kila pindo la rangi aliliona kama hatua moja kuelekea ukuta ule.

Sasa, mshono haukaguliwi kwa kukodolewa macho. Mkaguzi hulishika joho mbali kidogo, akaliinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akalipitia kwa jicho la pembeni. Kasoro hujitokeza hapo, kama mwizi anayedhani hatazamwi. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wenziwe. Yakaja majoho meusi ya mahakimu, yaliyotiwa pindo kwa uzi mweupe. Aliliinamisha la kwanza, na kando ya uzi mweupe akaona uzi wa zambarau. Alipoutazama uso kwa uso, haukuwepo. Aamini lipi? Macho ya mbele alikwisha kuambiwa yanazeeka; jicho la pembeni halikuwahi kumdanganya tangu aanze ukaguzi. Akachukua wembe, akafumua. Akafumua la pili, na la tatu. Hadi msimamizi anafika, meza ilikuwa imejaa majoho yasiyo na pindo na lundo la uzi, wote mweupe pe.

Msimamizi, mwanamke waliyeanza naye kazi kwenye cherehani moja, aliokota uzi akauviringisha kidoleni.

"Dada, huu ni rangi gani?"

"Mweupe."

"Na ulipokuwa unaufumua?"

Aliuweka wembe mezani. Msimamizi hakupandisha sauti, na heri angepandisha. Alimwambia aende nyumbani akapumzishe macho, na wote wawili walijua kwamba mapumziko hayo hayana kurudi.

Alikwenda moja kwa moja dukani kwa mumewe, maana mtu akiumia hukimbilia kwao. Fundi alikuwa na mteja, mchoraji wa ramani za majengo, na hakumwona mkewe akiingia.

"Nataka ile myembamba," mchoraji alisema.

"Wewe sikupi," Fundi akamjibu, kwa ile sauti yake ya uaminifu. "Mwanga mweupe ni rangi nyingi zinazotembea pamoja. Zikiingia ndani ya lenzi haziendi mwendo mmoja. Zambarau hucheleweshwa zaidi na hupinda zaidi, nyekundu hupinda kidogo. Kioo cha kawaida huziachanisha kidogo tu, hutambui. Plastiki hii inazitawanya. Mtu mwenye namba kubwa ya miwani kama yako akitazama pembeni, kila mstari atauona na pindo la rangi."

"Si mtu huzoea?"

"Wa kukaa nyumbani anaweza kuzoea. Wa kazi ya macho, hapana. Nikikuuzia nitakuwa nakudanganya."

Mke alisimama karibu na kabati la maonyesho. Kumbe mumewe alijua. Alijua siku anamvisha, na alijua siku anamtajia mama yake marehemu. Kwenye rafu ya juu miwani yake ya zamani ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa chekundu, na mbele yake kibao: KABLA. Kando yake ilisimama picha yake mwenyewe akicheka katika miwani mipya: BAADA.

Akafungua kabati, akavua hii, akavaa ile. Fremu ya mlango ikarudi kuwa mbao tupu. Machozi yakamtoka, kwanza ya nafuu, kwa kuwa hakuwa anapofuka. Ya hasira yakafuata nyuma.

Fundi akageuka. "Mama watoto, hiyo ni ya maonyesho."

Alimtazama kwa jicho la pembeni, kama anavyokagua mshono. Uso wa mumewe ulikuwa na kingo zake kamili, bila buluu wala chungwa, na hapakuwa na mahali pa kusingizia macho.

"Irudishe basi," mume alinong'ona. "Mteja anatazama."

Mteja alikuwa anatazama kweli. Alitazama picha, akamtazama mwanamke, kisha akauliza kwa adabu, "Samahani, fundi. Mkeo anafanya kazi gani?"

Fundi alisogea akaiziba ile picha kwa mwili wake.

"Wa kukaa nyumbani," mke alisema. "Tangu leo asubuhi."